Uliza Kabla ya Kukubali

Mwaka 1932 madaktari wa serikali ya Marekani walianza utafiti huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Walichukua wanaume weusi 600 hivi. Wengi wao walikuwa wakulima maskini. Hawakuweza kumlipa daktari. Walipoahidiwa matibabu ya bure, walikubali.

Wanaume 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa. Waliambiwa wana "damu mbaya".

Mwaka 1947 penisilini ilikuwa tayari inaponya kaswende. Wao walinyimwa. Madaktari walitaka kuona ugonjwa utafika wapi. Wengine walikufa. Wengine waliwaambukiza wake zao. Utafiti ulikomeshwa mwaka 1972.

Ukiombwa kuingia katika utafiti, uliza:
1. Nina ugonjwa gani?
2. Nitapewa dawa gani?
3. Nikikataa, nitatibiwa?

Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako.