Musandam: panga boti kwanza, gari baadaye

Uko Maskati na una siku tatu za mapumziko? Nenda Musandam. Ni ncha ya kaskazini kabisa ya Oman, imechomoza kwenye Mlango wa Hormuz, na ardhi ya Imarati imeitenga na nchi yake. Watu wachache, milima mingi. Nenda kati ya Novemba na Machi, Julai hutaiweza.

Kwanza njia. Kwa gari ni kama kilomita 500, ila unapita Imarati: mihuri minne kwenda, minne kurudi. Hakikisha bima ya gari inatambulika huko. Gari la kukodi? Omba barua ya ruhusa mapema.

Kama umeingia Oman kwa viza ya safari moja, usithubutu njia hiyo. Ukivuka mpaka, viza imekwisha kazi. Panda ndege ya ndani hadi Khasab, mji wa huko Musandam, kama saa moja tu, au uulizie ratiba ya kivuko cha Shinas.

Ukishafika Khasab, tafuta jahazi la siku nzima. La nusu siku linakurudisha utamu ukiwa ndiyo unaanza. Mtaingia Khor Sham, hori la kama kilomita 16, majabali kushoto na kulia. Zamani haya yalikuwa mabonde ya nchi kavu. Ncha ya rasi inazama polepole, bahari ikaingia. Ndiyo maana mlima unashuka moja kwa moja majini, na vijiji vya humo, nyumba chache chini ya jabali, huletewa maji ya kunywa kwa boti.

Pomboo wakitokea, kimbilia omo. Nahodha akiongeza mwendo, wao hufuata wimbi la mbele, karibu kiasi cha kuwasikia wakipumua. Weka simu chini kidogo, tazama kwa macho.

Jahazi litatia nanga kwenye kisiwa ambako Waingereza walijenga kituo cha telegrafu miaka ya 1860. Magofu yenyewe si kitu sana. Ruka majini, samaki wako hapo hapo. Vaa viatu vya maji, mawe yanakata.

Ukitaka Kumzar, kodi boti ya mashine; barabara haifiki. Ni kijiji cha wavuvi wenye lugha yao, Kikumzari. Vaa kwa heshima, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Joto likianza wengi huhamia Khasab kuvuna tende.

Siku ya mwisho panda Jebel Harim, mita 2,087. Chukua four-wheel drive na dereva mwenyeji. Beba koti, huko juu kuna baridi kweli. Mawingu yakikusanyika, ahirisha: wadi hujaa ghafla hata kama mvua imenyesha mbali. Na jaza mafuta Khasab kabla ya kuondoka, mlimani hakuna sheli.