Kabla hujauza pikapu ya gita, muulize mteja haya

Leo naongelea bidhaa ambayo wengi mnaiona ni ya mafundi na wanamuziki tu, ila ukiielewa ina pesa: pikapu za gita la umeme. Sio pikapu ya kubebea mahindi. Nikiposti neno "pikapu" tupu, hakosi mtu wa kuuliza kama ni namba D au E na kadi ipo. Kwa hiyo kwenye tangazo andika "pikapu za gita", usiliache hilo neno peke yake.

Mimi niko Mbinga mjini. Nauza nyuzi, waya, maiki na vifaa vidogo vidogo vya muziki. Dukani watu hawajai, biashara iko kwenye simu. Wateja wangu ni kwaya na vibendi vya harusi, kuanzia huku kwetu milimani mpaka kule chini ziwani, Mbamba Bay, Liuli hadi Lituhi. Shule niliishia form four na umeme sijausomea. Haya nimeyajua kwa kufungua magita mabovu, kusoma kwenye simu usiku, na kukaa na mafundi.

Kwanza ujue unauza nini. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya ile sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya, unapita kwenye voliamu na jeki, unaenda kwenye amplifaya. Basi. Ndo maana gita lenye nyuzi za nailoni haliwezi kutumia pikapu hii hata ufanyeje. Akija mtu wa nyuzi za nailoni, mwambie ukweli, anahitaji aina nyingine inayobandikwa kwenye ubao au kukaa chini ya briji.

Sasa tuje kwenye pesa. Mtaji wetu ni mdogo. Ukileta seti tatu zisizoingia kwenye gita la mtu yeyote huku, zitakaa kabatini mwaka mzima, na ile ilikuwa hela ya nyuzi zinazotoka kila wiki. Na kwa mteja ni zaidi ya hapo, maana hela ya kwaya ni ya kuchangishana, mama mmoja katoa elfu moja ya dagaa, mwingine mia tano.

Nitoe mfano. Mwalimu wa kwaya mmoja wa kule mwambao alinitumia meseji zikiwa zimebaki wiki mbili kipaimara kifanyike. "Kijana, gita letu la solo limekufa na linaunguruma. Tuna 90,000. Tunataka seti ya pikapu kali kuliko zote." Muuzaji mwenye haraka hapo anatuma namba ya kulipia. Mimi nilimjibu: Shikamoo mwalimu, pikapu nitakutafutia, ila nisaidie picha na video kwanza. Alikasirika kidogo, akaona kama namkatalia hela.

Nilimwomba amtafute fundi redio yeyote mwenye mita. Hiki kipimo kiwekeni akilini, maana gita halifunguliwi kabisa. Unachomeka waya wa kawaida kwenye gita, voliamu unafungua mpaka mwisho, swichi unaiweka kwenye pikapu moja. Mita unaiweka upande wa omu, 20k, halafu unagusa ncha ya jeki ya upande wa pili kwa waya mmoja wa mita na shina la jeki kwa mwingine. Pikapu ya koili moja iliyo nzima itasoma karibu kilo-omu 5.5 hadi 7. Ya koili mbili, ambayo wenyewe wanaiita hambaka, mara nyingi 7 hadi 9, na zile kali zinafika 14 au zaidi. Kwenye gita lenye pikapu za kawaida, ikisoma sifuri au karibu na sifuri, kuna waya umegusana mahali. Isiposoma koili, kuna waya umekatika: inaweza kuwa koili yenyewe, inaweza kuwa ni risasi tu imeachia kwenye swichi.

Majibu yakaja. Ya shingoni 5.8, ya katikati 5.9, ya briji haisomi kitu. Nikasema mfungue, mpime moja kwa moja kwenye waya za ile pikapu ya briji. Haisomi. Hapo ndo pikapu imekufa kweli. Kwa hiyo kwaya haikuhitaji seti, ilihitaji moja.

Ngurumo nayo tukaitafuta. Ukigusa nyuzi kwa mkono na ngurumo ikapungua, hiyo ni kawaida, gita linahitaji kinga tu, yaani kubandika karatasi ya shaba kwenye shimo la ndani na kuiunga na ethi. Ukigusa na ikazidi, angalia waya wa ethi unaotoka kwenye briji na pia kama waya mbili za jeki hazijabadilishana. Ukigeuka na gita, ukaangalia mlango kisha dirisha, na ngurumo inapanda na kushuka, basi ni koili yenyewe inadaka umeme wa transfoma, taa au jenereta. Pikapu ya koili moja ndivyo ilivyo, nzuri kwa sauti ila inadaka kila kitu. Hambaka ilibuniwa kwa ajili hiyo: Seth Lover wa Gibson, mwaka 1955, aliweka koili mbili zinazopingana, ngurumo inajiua yenyewe na sauti ya nyuzi inabaki.

Nisimame kidogo hapa. Mteja akikwambia akigusa nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki anapigwa shoti, usiuze kitu chochote siku hiyo. Hilo sio suala la pikapu, ni umeme wa jengo au amplifaya isiyo na ethi, na unaua. Mwambie wazime, wamwite fundi umeme. Biashara itakuja baadaye.

Kwa mwalimu wangu ngurumo ilikuwa ile ya kugeuka, kanisa lao linatumia jenereta. Gita lake ni la umbo la Stratocaster, matundu matatu madogo. Hambaka ya kawaida haiingii pale mpaka uchonge mbao na kukata plastiki ya juu, na wiki mbili kabla ya kipaimara sikutaka mtu ashike patasi. Zipo hambaka zilizobanwa ndani ya umbo la koili moja, juu zina vyuma viwili virefu badala ya vidoti sita. Zinaingia kwenye tundu lilelile. Nikaagiza moja ya briji, yenye omu za chini kidogo kwa aina ile. Na nilimwambia wazi mapema: ya briji itatulia, za shingoni na katikati zikipigwa peke yake zitaendelea kuunguruma. Pamoja na nauli ya basi ikaisha kwenye 38,000. Iliyobaki walichukua nyuzi seti mbili na waya mpya, maana wa kwao ulikuwa umefungwa selotepu mara nne.

Kwa nini sikumpa "kali kuliko zote" kama alivyotaka? Kwa sababu neno "kali" kwenye matangazo ya pikapu maana yake inasukuma amplifaya mpaka sauti ianze kukwaruza. Ni nzuri kwa wapiga roki. Huku kwetu nani anapiga roki? Solo ya kwaya zetu, ya rumba, ya dansi la akina Mbaraka Mwinshehe na Mlimani Park, inataka kila noti isikike imesimama, safi, kama maji yanadondoka. Ukimpa mpigaji wa hivyo pikapu ya kilo-omu 16, atakurudia analalamika amplifaya imeharibika. Ila msikariri namba ya omu kama ndo nguvu yenyewe. Waya mwembamba zaidi unapandisha omu bila kuongeza nguvu kwa kiasi hichohicho. Omu zinafaa kulinganisha pikapu za aina moja, na kujua nzima au mbovu.

Vipimo sasa. Hapa ndo wauzaji wengi wanapoumia. Omba picha ya gita kwa mbele yenye rula juu ya pikapu. Pima kuanzia katikati ya kidoti cha uzi wa kwanza hadi katikati ya kidoti cha uzi wa sita. Hambaka za mtindo wa Gibson zina karibu milimita 50, zile za briji za magita ya mtindo wa Fender karibu 52 au 53. Tofauti ni ndogo, haizuii gita kulia, lakini nyuzi za pembeni zikikaa nje ya vidoti mteja ataona kwa macho na ataamini umempa feki. Zile za vyuma virefu hazina shida hii. Angalia pia mtindo wa Telecaster: pikapu ya briji ina umbo lake na skrubu tatu, na ya shingoni ni nyembamba kuliko ya Stratocaster. Hazibadilishani.

Uliza ni ya shingoni au ya briji. Karibu na briji uzi unatikisika kidogo, ndo maana ya pale huzungushiwa waya mwingi zaidi. Ukizichanganya, gita litakuwa na upande mmoja unapiga kelele na mwingine unanong'ona.

Uliza kama ndani kuna betri ya volti 9. Ikiwepo, huenda ni pikapu zinazotumia umeme wake, na voliamu zake ni 25k. Usichanganye na za kawaida. Za kawaida zinataka voliamu ya 250k kwa koili moja na 500k kwa hambaka. Ukifunga hambaka kwenye 250k italia, ila sauti itakuwa imevaa koti.

Waya nao wana mambo. Hambaka nyingi zinakuja na waya za rangi nne pamoja na wa uchi, na rangi hazifanani. Kwa Seymour Duncan mweusi ndo wa kwenda kwenye swichi, mweupe na mwekundu zinaungwa pamoja, kijani na wa uchi ni ethi. Kwa DiMarzio wa kwenda kwenye swichi ni mwekundu, mweusi na mweupe ndo zinaungwa. Fundi akikariri rangi za kampuni moja akafunga nyingine, utapigiwa simu kwamba umeuza kitu kibovu. Tuma mchoro wa rangi pamoja na mzigo, na mwambie fundi apige picha ya waya za zamani kabla hajagusa kitu. Kama pikapu mbili zikiwashwa pamoja sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ya kobole, mwambie ageuze waya mbili za moja wapo. Hajauziwa bovu.

Kuhusu feki. Utaona bei ya chini na maandishi "Alnico". Kwa pikapu ya koili moja, igeuze chini. Ukiona kipande cheusi cha sumaku kimegundishwa kwa chini, hiyo ni seramiki, na vile vidoti ni chuma cha kawaida tu. Kwenye Alnico ya mtindo wa zamani vidoti vyenyewe ndo sumaku. Seramiki sio mbaya, na nyingi ninazouza ndo hizo, ila ziandike seramiki. Mtu wa Liuli akija kugeuza mwenyewe na kukuta umemdanganya, ujue Mbamba Bay watakuwa wamesikia kabla ya jioni.

Tangazo langu naliandika hivi, mnaweza kuchukua: "Pikapu ya gita la umeme, koili moja, ya briji, seramiki, kilo-omu 6.4 (picha ya mita ipo). Vidoti 52 mm. Inafaa gita la umbo la Stratocaster. Tuma picha ya gita lako kabla ya kulipia." Sentensi ya mwisho ndo inayoniokoa nguvu nyingi kuliko zote.

Kila pikapu naipima kabla haijapanda basi, napiga picha mita ikiwa inasoma, namtumia mteja. Ikifika haisomi, narudisha hela. Ikiwa waya umeshakatwa au kuchomwa risasi, sirudishi, na hilo nalisema kabla ya malipo. Nafunga kwenye boksi gumu na sponji, maana ule waya wa ndani ni mwembamba kuliko unywele, msumari mmoja kwenye buti unaukata. Na usiziweke juu ya spika zikiwa njiani wala kabatini, sumaku kubwa inaweza kuharibu sumaku ya Alnico.

Mwalimu alifunga Jumanne, akanitumia video Alhamisi. Kwenye video kuna jenereta inasikika nje, na swichi iko briji. Mwanzoni sauti ilikuwa inavutwa, noti hazikai. Nikamwambia ashushe pikapu, akibonyeza uzi kwenye freti ya mwisho nafasi iwe kama milimita 3 upande wa nyuzi nene, 2 upande wa nyembamba. Akashusha kwa bisibisi ileile ya kufungulia redio. Wiki iliyofuata alinipa namba ya mwenzake wa Liuli, wao wana besi ya nyuzi tano. Besi ina vipimo vyake tofauti kabisa, hiyo nitaiandika nikishafunga mzigo wao.