SOMO LA ROBO HII: NJIA YA HEWA BAADA YA UPASUAJI WA PAFU



Katika ziara zetu kwenye sharika za Nachingwea na Ruangwa tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa namna mbalimbali: "Ndugu yetu ameambiwa aondolewe sehemu ya pafu. Je, atapumua kwa kitu gani?" Zipo familia zinazokaa na karatasi ya rufaa miezi kadhaa kwa sababu swali hilo halijajibiwa, na wakati huo ugonjwa unaendelea. Andiko la Mwanzo 2:7 linatukumbusha kuwa uhai wa mwanadamu ulianza kwa pumzi aliyopuliziwa na Mungu puani. Hivyo basi, ni wajibu wetu kuifahamu njia ya pumzi hiyo.

Lengo la somo: mwishoni mwa somo hili mjumbe aweze (a) kueleza nini hutokea kwa hewa sehemu ya pafu inapoondolewa, (b) kueleza jinsi wataalamu wanavyotumia kompyuta kuifuatilia hewa hiyo, na (c) kutaja kazi za usharika kwa mgonjwa aliyerudi nyumbani.

1. Mapafu yalivyojengwa

Hewa hupita puani na kooni, ikaingia kwenye bomba kuu la hewa. Bomba hilo hugawanyika kuwa matawi mawili, na kila tawi hugawanyika tena na tena, kama mara 23, mpaka kufikia vifuko vidogo vya hewa ambavyo idadi yake ni mamia ya milioni. Pafu la kulia lina sehemu kubwa 3, la kushoto lina 2. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama nusu lita ya hewa kwa pumzi moja.

Daktari anaweza kushauri sehemu iondolewe kwa sababu ya saratani, ajali, usaha wa muda mrefu, au pafu lililoharibiwa na kifua kikuu. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu hupona kwa dawa bila upasuaji. Hata hivyo, mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu, kuondoa sehemu ya pafu kunaweza kwenda pamoja na dawa. Hapa Tanzania matibabu ya kifua kikuu sugu yalianzia Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009.

Je, mtu anaweza kuishi na pafu moja? Ndiyo. Mwaka 1933, huko St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham alimwondolea pafu zima la kushoto mgonjwa wa saratani, James Gilmore, ambaye naye alikuwa daktari. Mgonjwa huyo aliishi mpaka mwaka 1963. Graham mwenyewe, aliyekuwa mvutaji sigara, alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1957.

2. Hesabu ya vipande

Kabla ya upasuaji madaktari hukadiria pumzi itakayobaki. Njia rahisi ni kuhesabu vipande vidogo vinavyounda zile sehemu kubwa. Kwa kawaida huhesabiwa 19: kulia 10, kushoto 9. Sehemu ya juu ya pafu la kulia ina vipande 3. Ikiondolewa, vinabaki 16 kati ya 19, yaani kama asilimia 84. Sehemu ya juu ya pafu la kushoto ina vipande 5, hivyo vinabaki 14, kama asilimia 74.

Hesabu hii inafaa, lakini inachukulia kwamba vipande vyote vinafanya kazi sawasawa. Sehemu iliyokwisha kuharibiwa na ugonjwa huenda ilikuwa haipitishi hewa ya maana tangu zamani, na kuiondoa hakumpunguzii mgonjwa pumzi kama familia inavyohofia. Aidha, hesabu hii haionyeshi njia za hewa zitakaa vipi baada ya kidonda kupona. Hapo ndipo kompyuta inaposaidia.

3. Kompyuta inavyofuatilia hewa

Kwanza, mgonjwa hupigwa picha za siti skani, ambazo huonyesha kifua kwa vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa. Pili, programu huunganisha vipande hivyo na kuchora umbo kamili la bomba la hewa na matawi ya mgonjwa huyo. Tatu, nafasi ya ndani ya mabomba hugawanywa katika vyumba vidogo sana, mara nyingi mamilioni. Nne, kompyuta hukokotoa katika kila chumba kasi ya hewa na msukumo wake, kwa kutumia kanuni za mwendo wa vitu vinavyotiririka zilizoandikwa katika karne ya 19 na Navier, Mfaransa, na Stokes wa Uingereza. Kanuni hizohizo hutumika kuchunguza upepo unavyopita kwenye bawa la ndege.

Matokeo yake ni kama ramani. Inaonyesha hewa inakokwenda kwa wingi, inakopungua, inakozunguka bila kusonga mbele, na mahali ambapo mgonjwa analazimika kuvuta kwa nguvu zaidi.

4. Tunachojifunza

Jambo la kwanza: nafasi iliyoachwa haibaki tupu daima. Sehemu zilizobaki hutanuka na kusogea kuijaza. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupumua vizuri zaidi baada ya miezi kadhaa kuliko wiki za mwanzo.

Jambo la pili: sehemu inaposogea, tawi lake husogea nalo. Hili limechunguzwa sana kwa walioondolewa sehemu ya juu ya pafu la kushoto. Sehemu ya chini hupanda juu, na tawi lake linaweza kupinda na kubanwa, kama mpira wa maji unapokunjika bustanini. Mgonjwa anaweza kukohoa au kuishiwa pumzi ingawa hesabu ya vipande ilikuwa nzuri.

Jambo la tatu: kubanwa kidogo kuna gharama kubwa. Katika bomba lililonyooka lenye hewa inayopita taratibu, kipenyo kikipungua robo, nguvu ya kupitisha hewa ileile huongezeka zaidi ya mara 3. Kikipungua nusu, huongezeka mara 16. Kwa mantiki hii, makohozi yaliyoganda au uvimbe unaoletwa na moshi ni mzigo mkubwa kwa mtu ambaye njia zake zimekwisha kupunguzwa.

5. Mipaka ya kompyuta

Picha za siti skani huonyesha vizuri matawi makubwa tu, kwa hiyo matawi madogo hukadiriwa. Mapafu hutanuka na kusinyaa, lakini mara nyingi kompyuta huyachukulia kama mabomba magumu. Kwa sababu hiyo matokeo hulinganishwa na kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine, na uchunguzi huu kwa sehemu kubwa bado ni kazi ya utafiti. Uamuzi wa upasuaji ni wa daktari na mgonjwa.

6. Kazi ya usharika

Wahisani wetu, hatuombi kompyuta ya namna hiyo kwa ajili ya Nachingwea. Tunaomba kwamba kile ilichoonyesha kisaidie kupanga vizuri msaada tunaoutoa. Nauli ya kwenda Dar es Salaam kwa upasuaji huchangiwa kwa moyo, lakini nauli ya kurudi kliniki mara nyingi husahaulika. Na kliniki ndipo tawi lililobanwa hugunduliwa. Kamati tunaziomba zifanye yafuatayo:

(a) Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apelekwe kituo cha afya. Matibabu ya kifua kikuu ni bure.

(b) Harambee ya matibabu ihesabu pia nauli za kliniki. Mgonjwa abebe picha zake zote za zamani.

(c) Mazoezi ya kuvuta pumzi, kutoa makohozi na kutembea yafuatwe kama yalivyofundishwa hospitalini. Mjumbe mmoja amtembelee na kumtia moyo.

(d) Mgonjwa asikae kwenye moshi wa mafiga wala wa sigara. Fedha za majiko banifu zianze na nyumba yenye mgonjwa wa kifua.

(e) Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, mgonjwa asipulize wala asikae karibu na shamba linalopulizwa. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, lakini zile ndogo sana hufika ndani kabisa. Wachimbaji wadogo wa Ruangwa wakumbushwe vivyo hivyo kuhusu vumbi la mawe.

(f) Akiishiwa pumzi ghafla, akikohoa damu, akipata homa au maumivu makali ya kifua, apelekwe hospitali bila kungoja.

7. Maswali ya kujadili

Je, katika usharika wetu yupo mwenye karatasi ya rufaa ambayo haijatumika? Hofu yake ni nini? Nani atamtembelea wiki hii? Mfuko wetu wa diakonia umetenga nauli ya safari ngapi za kliniki?

Hitimisho

Aliyeondolewa sehemu ya pafu hajaondolewa uhai. Amebakiwa na njia chache zaidi, na kila njia iliyobaki inahitaji kutunzwa. Daktari hufanya kazi yake kwa saa chache katika chumba cha upasuaji. Miezi inayofuata iko mikononi mwa familia na usharika. Tunaomba majibu ya maswali haya yaletwe katika kikao kijacho cha jimbo, ili tupange pamoja bajeti ya nauli na majiko.



Ofisi ya Uratibu wa Miradi, Dayosisi