DARASA: NANI ALIYESEMA MTOTO HUYU HANA AKILI?

Amma baad. Liko neno lisikizanalo sana mabarazani mwetu, na hasa siku zinapotoka natija za mtihani, nalo ni hili: mtoto wa fulani ana akili, na mtoto wa fulani hana. Husemwa kwa wepesi, kama mtu asemavyo kwamba huyu ni mrefu na yule ni mfupi. Kisha huongezwa: ndivyo alivyoandikiwa. Basi mazungumzo yakafungwa, kahawa ikanywewa, na yule mtoto akatolewa skuli akatafutiwa kazi ya kubeba mizigo.

Katika darasa hili twataka kulipima neno hilo. Je, kufuzu na kushindwa skuli ni jambo la akili peke yake? Wataalamu wa elimu ya jamii, yaani elimu inayochungua namna watu waishivyo pamoja, wamelifanyia kazi swali hili kwa miaka mingi, nasi yatupasa kuyajua waliyoyaona.

Tuanze Uingereza, kwani huko ndiko ilikotoka desturi ya mitihani tuliyoirithi sisi. Mwaka 1944 ilitungwa huko sheria iliyofungua skuli za sekondari za serikali kwa watoto wote bila ya ada. Mtoto alipokaribia kutimia miaka 11 alifanya mtihani. Wachache waliofuzu walipelekwa skuli za masomo ya juu, ambazo ndizo njia ya chuo kikuu. Na wengi waliobaki walipelekwa skuli nyingine, ambazo aghalabu mwisho wake ulikuwa ni kutoka mapema na kwenda kazini. Watu wakasema: sasa haki imetimia! Mlango ni mmoja na karatasi ni moja. Atakayefuzu ni mwenye akili, awe ni mwana wa tajiri au mwana wa mchimba makaa.

Lakini je, yalikuwa hivyo? Daktari mmoja, J. W. B. Douglas, pamoja na wenzake, waliwafuata watoto zaidi ya 5,000 waliozaliwa katika juma moja la mwezi wa Machi mwaka 1946. Waliwapima, wakawauliza wazazi wao na walimu wao mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1964 wakatoa kitabu. Waliona kwamba katika watoto wa uwezo wa katikati, waliokaribiana alama katika majaribio, wale wa nyumba zenye nafasi walipata skuli za juu zaidi kuliko watoto wa wafanya kazi wa mikono. Uwezo ulikaribiana, natija haikukaribiana. Basi tofauti ilitoka wapi? Kwa ufupi, wataalamu wametaja mambo matatu.

La kwanza ni nyumba. Douglas aliona kwamba mtoto ambaye wazazi wake waliyajali masomo yake, wakaenda skuli kumwuliza mwalimu hali yake, alimpita mwenziwe asiyeulizwa na mtu. Ila hapa wataalamu waliokuja baadaye walitahadharisha, na tahadhari yao ni ya haki: baba afanyaye kazi usiku, asiyeweza kufika skuli mchana, si lazima awe hampendi mwanawe. Huenda ikawa ni umaskini uliomfunga miguu, wala si moyo wake.

La pili ni lugha. Basil Bernstein wa London alisema kwamba nyumba nyingi za wafanya kazi huzungumza kwa maneno mafupi, ambayo wenyewe huelewana kwa sababu wote wanayo habari moja. Na skuli hutaka mtoto aeleze kila kitu kwa urefu, kama amwambiaye mgeni. Basi mtoto mmoja huingia darasani akaikuta lugha ya nyumbani kwao, na mwingine akaikuta lugha ya ugenini. Wako waliodhani kwamba maana yake ni kuwa watoto wa maskini wana lugha pungufu na fikira pungufu. William Labov wa Marekani aliwajibu mwaka 1969. Alionyesha kwamba mtoto mweusi wa Harlem, aliyekuwa kama bubu mbele ya mtahini, alinena kwa wingi na kwa ufasaha alipoletewa rafiki yake, na mwuliza maswali akaketi naye chini sakafuni. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni kikao.

La tatu ni mwalimu, na hili ndilo zito. Katika skuli nyingi za Uingereza watoto waligawanywa mapema katika madarasa ya wepesi na madarasa ya wazito. Douglas aliona kwamba walioanza na uwezo sawa walipofika miaka 8, wale waliotiwa darasa la juu walizidi kupanda mpaka miaka 11, na wale waliotiwa darasa la chini walizidi kushuka. Akaona tena kwamba watoto waliotunzwa vizuri na kuvikwa vizuri ndio waliopata zaidi madarasa ya juu. Yaani watoto walipewa jina kwanza, kisha wakalifuata jina lao.

Huko Ufaransa nako, Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron waliandika mwaka 1964 kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu, wakawaita warithi. Rai yao ni kwamba mtoto wa nyumba yenye vitabu na mazungumzo ya elimu hurithi mali isiyoonekana kwa macho. Akifika skuli, skuli huiona mali hiyo ikaiita kipaji. Na asiyeirithi huambiwa hana kipaji, naye husadiki.

Mwaka 1965 serikali ya Uingereza iliwataka wakuu wa elimu wa majimbo waache kuwatenga watoto kwa mtihani ule, na sehemu nyingi zikauacha, ijapokuwa ziko chache zilizobaki nao mpaka leo. Kwetu Kenya mtihani wa mwisho wa darasa la nane, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Karatasi zake, isipokuwa ile ya Kiswahili, ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni watoto wangapi wa mitaa yetu waliolijua jibu la swali wasiijue lugha ya swali? Mtihani ule umeondoka. Neno la "hana akili" halikuondoka nao.

Nami sisemi haya kama mtu aliye mbali. Miaka iliyopita nilipokuwa nikisomesha chuoni, nilikuwa na watoto wawili wa umri mmoja. Mmoja ni mwana wa mwenye duka, na baba yake alinijia kila Alhamisi kuniuliza habari zake. Wa pili ni mwana wa mvuvi, akichelewa na akisinzia. Wa kwanza nilimweka ubavuni pangu, na wa pili aliketi mlangoni. Wa kwanza akikosea nilisema, leo amechoka. Wa pili akikosea nilisema, huyu mzito. Siku moja nilipita pwani alfajiri nikamwona akivuta jarife pamoja na baba yake, maji yamemfika kifuani, na saa moja baadaye akawa mbele yangu na msahafu. Nilikuwa nimeuita usingizi ujinga. Nikamsogeza karibu, nikambadilishia saa, na mwaka ulipokwisha alikuwa amefika juzuu aliyofika mwenziwe. Lakini wale walioketi mlangoni kabla yake, ambao sikuwauliza kitu, hao siwezi kuwarudisha.

Na sisi tusomao Sura ya Abasa tulikuwa na haki ya kulijua hili kabla ya Douglas. Humo Mtume, rehema na amani zimshukie, alikumbushwa na Mola wake juu ya kipofu aliyemjia akitaka mafunzo, ilhali yeye ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Ikiwa yeye alikumbushwa, mwalimu wa leo ni nani asikumbushwe?

Ama hoja ya kuandikiwa, hatukatai kwamba riziki imeandikwa. Lakini hatujamwona mvuvi aliyelala nyumbani akasema samaki wangu wameandikwa. Mbona kwa samaki twatweka tanga, na kwa watoto twaketi?

Basi, ewe mzazi, hata kama hukusoma, muulize mwanao kila jioni amesoma nini, na umsikize mpaka amalize. Mwache aeleze kwa urefu. Huko nako ni kusomesha, wala hakuna ada. Ewe mwalimu, tazama ni nani aliyeketi mlangoni, na umwulize sababu kabla ya kumpa jina. Na wewe uliyeruzukiwa, jua kwamba taa, meza na mahali patulivu pa kusomea katika msikiti au madrasa ya mtaa, ni urithi uwezao kumpa mtoto asiye na urithi.

Maswali ya kuzungumza katika kikao kijacho: Ni watoto gani wa mtaa wetu walioacha skuli mwaka huu, na nani aliyewauliza sababu? Je, katika chuo chetu wako waketio mlangoni?

Wabillahi tawfiq.