SOMO LA JIOGRAFIA NA HISTORIA: KUTEMBEA NA KUNUNUA MU MUJI WA BRUXELLES



Mara nyingi mwanafunzi ananisimamisha njiani na kuniuliza: «Mwalimu, Bulaya iko namna gani?» Mbele sijajibu, anaongeza: «Na viatu kule ni bei gani?» Maulizo haya mawili yote ni mazuri, wala sitamucheka mutu. Leo nitayajibu pamoja, kwa sababu mugeni mwenye kufika mu muji mukubwa anatembea na kununua siku ile ile, na kwa macho yale yale.

Nilipita Bruxelles mu mwaka 2019, siku sita, kiisha mafunzo ya walimu. Nilikuwa na euro 150 za kutumia mimi mwenyewe. Nilikuwa tena na karatasi yenye majina ya watu 11 walionituma vitu. Ninyi munajua karatasi za namna ile. Sasa sikilizeni, maana nilifanya kosa siku ya kwanza, na kosa la mwalimu ni somo la bure kwa wanafunzi.

1. MUJI WENYEWE

Bruxelles ni muji mukubwa wa Ubelgiji. Watu wanaokaa mule wanapita milioni moja. Lugha za serkali mule ni mbili, Kifransa na Kiholandi, na kila njia iko na majina mawili juu ya kibao kimoja. Usizani umepotea ukiona «Rue Neuve» na chini yake «Nieuwstraat»: ni njia moja tu. Ofisi nyingi za Umoja wa Ulaya ziko mule vilevile.

Kwa kutembea kuna metro, ni kusema gari la moshi la chini ya udongo, na tramu, na basi. Lakini katikati ya muji, miguu inatosha. Mutu wa Kivu aliyezoea kupanda vilima hatachoka.

2. SIKU YA KWANZA: RUE NEUVE

Asubuhi ya kwanza sikutazama kitu. Nilikimbia moja kwa moja Rue Neuve, njia ya magazini, mahali magari hayapiti na watu wamejaa kama siku ya soko. Nilikaa mule masaa matatu. Nilinunua viatu vya mutoto wa ndugu yangu euro 38, mashati mawili euro 30, mukoba wa mama mukwe euro 28. Nilirudi kwa furaha.

Mangaribi nilifungua mifuko. Juu ya mashati nilisoma: China. Juu ya mukoba: China. Ni vitu vile vile vyenye kufika hapa kwetu kwa kontenere kila mwezi, na hapa ningepatana bei. Viatu navyo vilikuwa vidogo. Nilikuwa nimechagua kwa kukisia tu. Nilihesabu feza: zilibaki euro 54 na siku tano.

Lakini hasara kubwa haikuwa ile. Nyuma ya Rue Neuve, mwendo wa dakika kidogo tu, kuna njia kubwa inayoitwa Boulevard Adolphe Max, na pale iko hoteli Plaza. Ni pale, mu mwezi wa kwanza wa 1960, Joseph Kabasele na African Jazz walipiga mara ya kwanza wimbo «Indépendance Cha Cha». Ilikuwa wakati wa Table Ronde, wakati wakubwa wa Kongo na wa Ubelgiji walipokutana Bruxelles na kupatana juu ya tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Wimbo ule baba zetu wote waliucheza. Mimi ninafundisha historia, na nilikaa masaa matatu karibu na nyumba ile, ninapima mikoba!

3. ULIZO MOJA LA KUBEBA KILA MAHALI

Kesho yake nilikwenda Matonge. Ni sehemu ya muji karibu na Porte de Namur, kando ya Chaussée de Wavre, na jina lake lilitoka Matonge ya Kinshasa. Wanafunzi wa Kongo walianza kukaa pale nyuma ya uhuru. Leo unakuta pale sombe, chikwange, makayabu, vitenge na masaluni ya nywele. Mu 2018 muji ulifungua karibu na pale kiwanja chenye jina la Patrice Lumumba.

Mama mumoja wa kwetu, muuzaji wa vitenge, alinisalimia kwa Kiswahili. Nilimueleza habari ya mashati. Alicheka sana, kiisha akasema: «Papa, umetoka Kivu mupaka huku kununua China? Mbele ya kulipa, uliza kwanza: kitu hiki kilitoka wapi, na nani alikilipia?»

Alinionyesha kitenge kile mama zetu wanachokiita cha Hollande. Kwa kweli kinatoka Hollande, mu muji wa Helmond, kwenye kiwanda kilichoanza mu 1846. Lakini namna ya kupaka rangi kwa nta, Waholandi waliiiga kwa watu wa Java, mbali kule Asia. Kiisha wauzaji wakaleta vitambaa Afrika, na mama wa Afrika ndio walisema ni maua gani yanapendeza na gani hapana. Basi kitambaa kimoja, safari tatu.

Nilichukua ulizo la mama yule, nikatembea nalo siku zilizobaki. Tuone sasa lilijibiwa namna gani.

4. GRAND-PLACE: WAFANYA KAZI WALILIPA

Grand-Place ni kiwanja cha katikati ya muji wa zamani. Nyumba ya serkali ya muji iko na munara wa metre 96. Mu 1695 waaskari wa mufalme wa Ufaransa walipiga muji kwa mizinga, na sehemu kubwa ya kiwanja ikaungua. Nani alijenga tena? Vyama vya kazi: watengeneza mukate, watengeneza pombe, watu wa mashua. Kwa miaka kidogo tu walisimamisha nyumba zile zenye zahabu tunazoziona leo, na kila chama kiliweka alama yake juu ya nyumba yake. Tangu 1998 kiwanja kimeandikwa na UNESCO katika mali ya ulimwengu.

Sisi wa masomo ya Kiprotestanti tukumbuke jambo lingine. Ni pale, tarehe 1 mwezi wa saba 1523, walichomwa moto Hendrik Voes na Jan van Essen, wamonaki vijana waliokataa kuacha mafundisho ya Luther. Luther mwenyewe aliandika wimbo juu yao. Kutazama kiwanja kile haiombi feza hata moja.

Karibu na pale iko sanamu ndogo ya shaba ya mutoto anayekojoa, Manneken Pis. Wageni wanasukumana kuipiga picha. Ni ndogo kupita unavyozani, na ile ya njiani ni mufano tu; ile ya asili inalindwa ndani ya nyumba.

5. CHOKOLA

Hatua kidogo kutoka Grand-Place ziko Galeries Saint-Hubert, njia yenye paa la kioo iliyofunguliwa mu 1847. Ni pale Jean Neuhaus alifanya mu 1912 chokola yenye kitu kitamu ndani, wanayoiita «praline». Ubelgiji inajulikana mu dunia yote juu ya chokola. Lakini Ubelgiji haina hata muti mumoja wa kakao shambani! Kakao inatoka inchi za joto, zaidi Afrika ya mangaribi. Na hapa kwetu, watu wa Beni na Mambasa wanailima. Mutoto wa mulima kakao wa Beni pengine hajaonja praline hata siku moja. Wenye kusoma ekonomi, jambo hili linawahusu: mwenye kuuza mbegu anapata kidogo, mwenye kutengeneza anapata zaidi.

6. LANGO KUBWA NA TERVUREN: KONGO ILILIPA

Upande wa mashariki wa muji kuna bustani la Cinquantenaire, na ndani yake lango kubwa la mawe lenye milango mitatu, lililomalizika mu 1905. Ni zuri, siwezi kukataa. Uliza sasa: nani alilipa? Mufalme Léopold II, aliyeshika Kongo kama mali yake mwenyewe tangu 1885 mupaka 1908. Feza nyingi za kazi ile zilitoka Kongo, ni kusema kwa mikono ya babu zetu waliokamatwa kwa nguvu kutafuta mupira mu pori.

Pale karibu unapata tramu ya Tervuren, inayopita kando ya pori kubwa. Kule iko Muzeo ya Afrika, nyumba ya kulindia vitu vya zamani, iliyofunguliwa mu 1910. Walifunga milango miaka mitano juu ya kutengeneza, wakafungua tena mu mwezi wa 12 wa 2018. Nilitumia feza ya tiketi bila kusikitika. Niliona mutumbwi wa muti mumoja wenye metre 22 na nusu. Niliona vinyago vya Wasuku na vya Waluba vyenye kututazama nyuma ya kioo.

Lakini kuna chumba kimoja kilichoninyamazisha. Juu ya ukuta yameandikwa majina 1508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo mbele ya 1908. Jina la Mukongo hata moja halikuwako. Fundi wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliandika majina saba juu ya vioo vya madirisha. Jua likiangaza, kivuli cha majina yale kinaanguka juu ya ukuta wa majina ya wazungu.

Watu saba wale ni nani? Mu 1897 Léopold aliletesha Wakongo 267, akawaweka katika vijiji vya kuonyeshwa mu bustani ya Tervuren. Wageni kupita milioni moja walikuja kuwatazama. Majira ilikuwa ya baridi na mvua, na saba wakafa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Nilitembea mupaka pale kwa miguu, nikasoma majina kwa sauti, moja moja. Kazi ile nayo haiombi tiketi.

7. MASHAURI YA KUNUNUA

Mutu wenu akisafiri, mumupe mashauri haya:

a) Bei iliyoandikwa mu magazini ndiyo bei. Kodi iko ndani tayari. Hapana kupatana.

b) Kwa Place du Jeu de Balle, soko la vitu vya zamani mu mutaa wa Marolles, unaweza kupatana bei. Soko lile liko pale tangu 1873. Uende asubuhi.

c) Juu ya viatu, chora muguu wa mutu juu ya karatasi mbele ya kusafiri, ukate karatasi, uibebe. Usikisie kama mimi.

d) Linda karatasi ya malipo. Bila ile, magazini haitabadilisha kitu.

e) Mwezi wa kwanza na wa saba ni wakati wa «soldes»: bei zinashuka.

f) Soma mahali kitu kilipotengenezwa. Kama kinapatikana hapa sokoni, kiache.

g) Tazama muji kwanza, nunua siku ya mwisho.

Mimi siku ya mwisho, ku soko la Jeu de Balle, muzee mumoja aliniomba euro 10 kwa karta ya zamani ya Kongo yenye majina ya wakati wa ukoloni. Tulipatana euro 5. Ni ile iliyotundikwa sasa mu kalasi ya mwaka wa ine, pale munaposoma Costermansville mahali pa Bukavu. Viatu vile vilimufaa mutoto wa jirani. Mashati yalichakaa zamani. Karta iko.

Nilipofika nyumbani, watu 11 walifungua valizi yangu mbele hata sijakaa. Mama yangu hakukuwa mu karatasi ile, hakuomba kitu. Alingoja wote waondoke, kiisha akauliza: «Uliona nini?» Nilimutajia majina saba ya Tervuren. Aliniomba niyarudilie polepole, naye akayataja nyuma yangu.

MAULIZO KWA WANAFUNZI

1. Mwalimu alikuwa na euro 150. Siku ya kwanza alitumia 38, 30 na 28. Alitumia sehemu ngapi kwa mia?

2. Juu ya nini Grand-Place ilijengwa upya kiisha 1695? Nani walilipa?

3. Taja vitu vitatu vya nyumba yenu. Kila kimoja kilitoka wapi, na kilipita mikono ya nani?

4. Mu 2022 Mufalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu, kwa kukopesha bila mwisho. Mutu anaweza kukopesha kitu cha mwenyewe? Zungumzeni mu kalasi.

5. Tafuta muzee mu kijiji ao mu kartie yenu. Umuulize jina la mutu mumoja aliyefanya kazi ya nguvu wakati wa ukoloni. Uandike jina lile, ulilete. Tutayachapa mu gazeti letu linalokuja, kama yatafika hata saba tu.