Linda Majina ya Kichujio Kwenye Jedwali la Excel

Ukifanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Tunduma, huenda orodha ya malori yanayovuka kwenda Nakonde unaiweka kwenye Excel. Kisha unaitengenezea PivotTable, yaani jedwali la muhtasari linalojumlisha lenyewe, na juu yake unaweka kichujio: kisanduku cha kuchagua mzigo wa wapi uonekane, Ndola au Lubumbashi.

Hatari iko kwenye kisanduku hicho. Tuseme kinaonyesha Ndola, nawe badala ya kubofya mshale unaandika "Lubumbasi", herufi moja imeruka. Excel haipati jina hilo kwenye orodha, basi inaibatiza Ndola jina jipya. Hesabu zinabaki za Ndola, jina linasema Lubumbasi, na bosi anapelekewa ripoti ya uongo bila mtu kukusudia.

Ukiligundua papo hapo, bonyeza Ctrl na Z. Ukichelewa, usitegemee "Refresh", hairudishi jina. Bofya mara mbili kwenye jumla: utafunguka ukurasa mpya wenye mistari halisi ya mzigo, nao utakuonyesha jina la kweli. Orodha yako ya asili haijaguswa. Rudi kwenye kichujio, uandike jina lile sawasawa.

Je, utazuiaje lisitokee tena? Njia ninayoiamini zaidi ni kufunga ukurasa. Nenda "Review", kisha "Protect Sheet". Weka alama ya vema kwenye "Use PivotTable & PivotChart", weka nywila, yaani neno la siri, ubofye OK. Mshale wa kuchagulia utaendelea kufanya kazi, lakini kuandika juu ya jina kutakataliwa. Ujue tu kwamba ukurasa uliofungwa haukubali "Refresh". Ukiongeza malori mapya, fungua kwanza kwa "Unprotect Sheet", sasisha, ufunge tena.

Asiyetaka nywila atumie "Insert Slicer", iliyomo tangu Excel ya 2010: vitufe vya kubofya, visivyoandikika. Baada ya kuiweka, ondoa kile kichujio cha zamani, la sivyo mtu ataandika humo tena.

Gharama? Hakuna. Vyote vimo ndani ya Excel uliyonayo. Fanya leo, kabla ya ripoti ya mwezi kutoka, na umwelekeze pia mwenzako mnayetumia naye kompyuta hiyo.