Mabua Yasichomwe: Jinsi ya Kutengeneza Mboji Shambani

Baada ya mavuno, moshi huonekana katika mashamba mengi ya Kianjai. Mkulima anapochoma mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe, nitrojeni karibu yote hupotea hewani. Msimu unaofuata, hulazimika kununua dukani kirutubisho kilekile alichokiteketeza.

Wenye ng'ombe huhitaji mabua kwa malisho, na hilo ni sawa. Mifugo wale majani kwanza. Mabua magumu wanayoyaacha yatandazwe zizini yanyonye mkojo, kisha yapelekwe kwenye rundo la mboji.

Hatua za kufuata

1. Chagua mahali penye kivuli, karibu na shamba, pasipotuama maji.

2. Katakata mabua yawe na urefu wa kiganja. Vipande vifupi huoza upesi.

3. Tandaza vijiti vinene kimo cha sentimita 15 ili hewa ipite chini.

4. Panga mabua makavu (sentimita 20), majani mabichi kama ya tithonia, yenye maua ya njano kandokando ya ua, kisha samadi (sentimita 5) na udongo kidogo. Nyunyizia maji kila tabaka. Rudia hadi rundo lifike mita 1.5 kwenda juu. Upana uwe mita 1.5.

5. Chomeka kijiti kirefu katikati na ufunike rundo kwa nyasi au majani ya migomba.

Mabua pekee huoza polepole kwa sababu yana nitrojeni kidogo. Samadi na majani mabichi huwapa vijidudu chakula cha kufanyia kazi.

Baada ya wiki moja, chomoa kijiti. Kikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikinuka uvundo, maji yamezidi, geuza rundo. Geuza kila baada ya wiki tatu.

Mboji huiva kwa takriban miezi mitatu: huwa nyeusi, hunyambuka, na hunukia kama udongo wa msituni. Rundo la Julai huwa tayari kwa mvua za Oktoba. Tia viganja viwili katika kila shimo la mahindi.

Mboji haiondoi kabisa haja ya mbolea ya dukani, lakini huusaidia udongo kushika maji na mbolea hiyo isisombwe na mvua. Kwa ushauri zaidi, mkulima amwone afisa wa kilimo wa wadi yake.